Habari za Dunia Zinapofika Mtaani Kwetu

(Maneno yaliyosemwa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, mbele ya wageni kutoka kwa wahisani wetu wa nje.)



Walioandaa semina hii wameniomba niache makabrasha ya ofisi nizungumze kama mkazi wa jiji la Dar es Salaam. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu nikitoka ofisini mimi ni mkazi wa Mbagala, abiria wa daladala na mteja wa genge kama wengi wenu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na nadhani karibu kila mmoja ana maoni yake kuhusu vita, uchaguzi wa Marekani na timu za mpira za Uingereza. Pita asubuhi kwenye meza yoyote ya magazeti uone watu waliosimama wakisoma vichwa vya habari bila kununua gazeti. Wakitoka hapo huhamia kwenye kahawa na kashata, na mjadala unaendelea hadi jua lichome. Desturi hii si ya jana. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963, na wazee wetu wengi walifuatilia mambo ya Congo na Vietnam wakiwa vijijini, redio moja wasikilizaji ishirini.

Kwa hiyo hatuna upungufu wa habari. Ninachotaka kusema leo ni kwamba habari tunayoijadili kwa sauti kubwa mara nyingi siyo ile inayotugusa. Ile inayotugusa hupita kimya kimya, tukaja kukutana nayo kwenye bei ya kitu au kwenye barua ya kusimamisha mradi.

Nianze na jambo mnalolijua wote. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Nchi yetu haina kiwanda kinachosafisha mafuta ghafi. Petroli, dizeli na mafuta ya taa huagizwa kutoka nje. Kwa hiyo kinachotangazwa Jumatano hiyo kwa sehemu kubwa ni habari za dunia za wiki kadhaa zilizopita, zikiwa zimeandikwa kwa shilingi. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, kijiweni kwetu watu waligawanyika kama Simba na Yanga. Wengine walikuwa upande huu, wengine upande ule, na kila upande una jenerali wake. Kufikia Mei petroli hapa jijini ilikuwa imevuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikatenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni ili kupunguza makali. Mwezi huo huo wa Mei nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500, na Desemba 2023 ikafika 600. Kwa mama anayepanda magari mawili kwenda Kariakoo na mawili kurudi, piga hesabu mwenyewe.

Lakini funzo kubwa nililipata kwenye andazi. Ngano inayolimwa nchini haitoshi hata kidogo, sehemu kubwa tunaagiza, na Urusi ni mmoja wa wauzaji wakubwa. Mama anayetuuzia kifungua kinywa pale mtaani hakupandisha bei. Andazi liliendelea kuwa la bei ile ile, ila likawa linapungua kila baada ya majuma machache, hadi mtoto wangu akaniuliza kama mama yule amenunua kikombe kipya cha kukatia. Takwimu za mfumuko wa bei zina njia zake za kitaalamu za kulipima jambo hilo. Sisi tulilipima kwa tumbo.

Sasa niwaeleze habari ambayo hakuna aliyeijadili kijiweni. Tarehe 5 Agosti 2017, serikali ya India ilitoa tangazo fupi la biashara ya nje, kwamba mbaazi zitakazoingizwa nchini humo zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Halikuwa na picha ya kifaru wala ya rais akipunga mkono. India ndiyo mlaji mkubwa wa mbaazi duniani. Huko nyuma walikuwa wamepata ukame, bei ikapanda sana, na wakulima wetu wa Babati, Lindi na Mtwara wakavutiwa na bei hiyo wakapanua mashamba. Kisha mvua ikarudi India, wakulima wao wakavuna kupita kiasi, na serikali yao ikafunga mlango ili kuwalinda. Siwalaumu, serikali yoyote ingefikiria watu wake kwanza.

Tazameni lakini wakati wenyewe. Mbaazi zetu hupandwa pamoja na mahindi, nazo hukaa shambani muda mrefu baada ya mahindi kuvunwa. Agosti ni mwezi wa mavuno. Tangazo lilitolewa mbaazi zikiwa zimekauka kwenye mti, gharama zote zimekwisha kulipwa, na mkopo wa kikundi unasubiri. Nina shemeji yangu analima upande wa Babati. Alinipigia simu mwezi Septemba akiniomba nimtafutie mnunuzi mjini. Alikuwa amepewa bei iliyo chini ya robo ya ile ya mwaka uliotangulia. "Shemeji," aliniambia, "hivi watu wote wa Dar hawali mbaazi?" Nilikwenda Tandale sokoni. Madalali walinionyesha magunia yaliyopangwa hadi darini, wakaniuliza kama ninanunua, maana wao hawapokei tena.

Na mtaani kwetu? Mama wa maandazi, ambaye huuza pia mbaazi za nazi, alikuwa anatuongezea upawa bila kuombwa. Tulishukuru tukala. Kwa wakazi wa jiji mwaka ule ulikuwa wa neema ndogo, na neema yenyewe ilitoka kwenye jasho la shemeji. Tangu hapo kitu kikishuka bei ghafla huwa najiuliza ni nani huko kakilipia.

Kuna jambo jingine katika habari hiyo linalostahili masikio ya kamati zetu. Msumbiji, majirani zetu wanaolima zao hilo hilo, walikuwa wametiliana saini na India makubaliano ya ununuzi wa mbaazi mwaka 2016, hivyo wakabaki na mlango uliokuwa wazi wakati wetu ukifungwa. Mvua na udongo havikuwatofautisha na Lindi. Karatasi ndiyo iliyowatofautisha. India iliondoa kikomo hicho Mei 2021, baada ya misimu kadhaa. Usharika ambao ungekuwa na mtu mmoja tu wa kufuatilia habari za mazao, hata kijana wa kidato cha nne mwenye simu, usingeweza kuizuia India, lakini ungeweza kuwashauri wanakikundi wasikope kwa kutegemea zao moja na mnunuzi mmoja. Hata kahawa ni hivyo hivyo. Ukame wa Brazil ulichangia kuipandisha bei ya arabika hadi kuvunja rekodi mwanzoni mwa 2025, na safari hiyo kilio kilikuwa cha wengine.

Nije kwenye habari iliyotugusa sisi watu wa miradi waziwazi. Tarehe 20 Januari 2025, siku alipoapishwa, Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Kibali cha kuendelea na huduma za kuokoa maisha kilifuata baada ya siku chache, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikaacha kuendesha misaada, shughuli zilizobaki zikahamishiwa wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027.

Hapa wengi walidhani shida ni dawa tu. Mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003, ulikuwa umejenga zaidi ya ghala la dawa. Kulikuwa na watu: mtoa huduma anayemfuata nyumbani mgonjwa aliyekosa kliniki, karani anayetunza orodha, dada anayekaa na msichana aliyepimwa leo na kuogopa kurudi kwao. Dawa ikiwepo na mtu huyo asiwepo, mgonjwa mwoga hapotei siku ya kwanza. Hupotea mwezi wa tatu, na hakuna anayejua kwa kuwa aliyekuwa akihesabu naye hayupo. Katika mtaa ninaokaa, mama mmoja wa kazi hiyo aliendelea kuwatembelea watu wake kwa miguu baada ya posho kukatika. Aliendelea hadi akiba yake ilipokwisha, kisha akafungua genge. Ninapopita kununua nyanya bado huniambia, bila kutaja jina la mtu, ni wangapi hajui walipo.

Wageni wetu, msinielewe kwamba nawatupia lawama. Fedha ni zenu na wapiga kura wenu wana haki ya kusema. Ninachoomba ni muda. Mradi unaofungwa kwa notisi ya miezi sita unaweza kukabidhi wagonjwa wake kwa zahanati, kwa usharika na kwa ndugu. Unaofungwa kwa barua ya asubuhi haukabidhi chochote.

Na kuhusu thamani ya shilingi niseme kifupi. Mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,700, kisha mwishoni mwa mwaka huo huo ikawa karibu 2,400. Mradi wa dola 10,000 uliopangiwa makisio kwa kiwango cha kwanza na fedha zikaingia kwa kiwango cha pili ulipoteza shilingi milioni tatu bila mtu kuiba hata senti. Shilingi kuimarika ni habari njema kwa nchi, lakini mhasibu wa usharika alikuwa na kazi ya kueleza kisima kimefupishwa kwa nini.

Mzee mmoja aliniambia wakati wa chai kwamba haya ni mambo ya serikali na wachumi, sisi tushughulike na kuku na visima. Namheshimu sana, lakini chakula cha kuku hao kina mashudu na soya vinavyofuata bei za soko, na bomba la kisima linapita baharini kabla ya kufika kwetu.

Habari nazo husafiri kwenda upande wa pili, ila zetu husafiri kwa shida. Desemba 2011 mafuriko ya Jangwani yalipoua watu na kubomoa nyumba, ulimwengu ulituona siku chache. Julai 2021 mafuriko yalipoua zaidi ya watu 180 nchini Ujerumani, baadhi ya sharika zetu zilituma salamu za pole kwa sharika rafiki, na jibu moja nililolisoma lilisema hawakuwahi kufikiri kwamba pole inaweza kutoka upande huu. Nilitamani niwapeleke Jangwani waone jinsi tunavyoyajua maji.

Kwa hiyo kuanzia robo mwaka hii, fomu ya taarifa ya mradi ina nafasi mpya katika ukurasa wa pili. Kila kamati itaandika bei ya kilo ya unga, nauli hadi zahanati ya karibu, kodi ya chumba kimoja na bei ya zao kuu la wanakikundi, siku ya taarifa na robo mwaka iliyotangulia. Chini yake kuna mistari mitatu ya kueleza kilichobadilika na mnadhani kwa nini. Wahisani wamekubali kuisoma sehemu hiyo kabla ya majedwali ya fedha. Nakala ziko kwa katibu wa semina, na zitolewe kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa wenzetu wa sharika za mbali wanawahi gari.