Hamira Nayo Huchagua Chakula

Leo tuzungumze juu ya maji ya nazi. Tukivunja nazi za mbata, maji mengi tunayamwaga chini. Wako wanaoyakinga wakafanya siki, na hapo wengine hupata hasara: sukari wameinunua, hamira wametia, siku ya tatu povu limekata na chombo kinanuka mayai viza. Husema hamira mbovu. Mara nyingi si mbovu, ina njaa.

Hamira ni kiumbe hai, kidogo mno hata jicho halikioni. Sukari huipa nguvu, lakini haiijengi mwili, kama vile mtoto hakui kwa chai kavu. Ili izaane inataka naitrojeni, ile ile inayokoza ukijani wa mpunga wako. Maji ya nazi yana naitrojeni kidogo. Ukizidisha sukari, umeongeza kazi bila kuongeza chakula.

Sasa sikiliza ajabu yake. Ngozi ya hamira ina vilango vya kupitishia chakula. Amonia na zile asidi amino nyepesi huingizwa kwanza, na wakati huo vilango vya vyakula vigumu hufungwa. Vile vyepesi vikipungua, hamira huweka lango kubwa linalopitisha karibu kila aina ya asidi amino. Lango hili Marcelle Grenson na wenzake wa Brussels, Ubelgiji, walilieleza mwaka 1970. Chakula chepesi kikirudi, hamira hulivuta lango lile ndani na kulivunjavunja. Mbuzi naye huanza na majani laini, ila yeye hana lango la kuvunja!

Vyote vikiisha, hamira huzubaa na kutoa hewa yenye salfa. Ndiyo harufu ile.

Je, tutie urea ya shambani, maana nayo ni naitrojeni? Hata kidogo! Ni kweli hamira huila, lakini mbolea haikutengenezwa iwe chakula cha watu, tena urea ikikutana na kileo huweza kuzaa kemikali inayohofiwa kuleta saratani.

Dawa iko jikoni. Kwa lita 5 za maji ya nazi tia sukari nusu kilo, isizidi. Chemsha, acha yawe vuguvugu, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha hamira. Kijiko kingine cha hamira kichemshe mbali, kwa maji kidogo, dakika 10. Kikipoa kimimine humo. Hiyo iliyokufa ndiyo chakula cha iliyo hai. Koroga sana siku ya kwanza, kwani hamira inayozaana inataka hewa. Tumia ndoo ya plastiki ya chakula au chombo cha kioo. Sufuria usitumie, siki huila.

Baada ya juma moja hivi povu litatulia. Hapo ni kileo, si cha kunywa, na watoto wasikifikie. Chuja, tia robo lita ya siki hai isiyochemshwa kwa kila lita, funika kwa kitambaa, usikaze kifuniko: vijidudu vya siki haviishi bila hewa. Ngoja mwezi mmoja au zaidi. Ikiwa kali na harufu ya kileo imekwisha kabisa, itie chupani ujaze mpaka juu, uizibe.