Mkimbiaji Naye Apumzike

Leo tuna neno moja tu: kupumzika.

Wengi wenu mnadhani anayekimbia kwa nguvu kila siku ndiye atashinda. Mtazameni Eliud Kipchoge. Kule Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang, siku zake ngumu zilikuwa tatu kwa wiki: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi haraka kisha polepole. Siku nyingine alikimbia taratibu, na mchana akalala. Ndiye huyo aliyekimbia Berlin kwa saa 2:01:09 mwaka 2022.

Mazoezi magumu huumiza misuli kidogo, na mwili huijenga upya ukila na kulala. Msichana mmoja wa kundi letu alificha maumivu ya mfupa wa mguu mpaka akashindwa hata kutembea. Akakosa mashindano ya mwaka mzima. Sisi tulichelewa kumwuliza, hilo twalikubali.

Sasa wazazi, msitukasirikie. Mtoto akikimbia kilomita 20 asubuhi, halafu apewe jembe hadi jioni, huko siyo kupumzika. Na wasichana ndio huteka maji pia! Hata ndugu zao wa kiume wabebe mitungi.

Nanyi vijana, pimeni mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Yakizidi ya kawaida siku mbili mfululizo, kimbieni polepole au mbaki nyumbani. Mguu ukiuma mahali pamoja, mwambieni kocha siku hiyo hiyo.