Sakafu ya Mbao na Uzito wa Tangi la Samaki

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Chama cha wavuvi kinachouza kamba koche na kaa wakiwa hai hakina budi kuwa na tangi la maji ya bahari. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Unguja, ofisi yaweza kuwa katika nyumba ya ghorofa, na kamati hupenda tangi liwekwe juu, mbele ya macho ya karani, kwa kuhofia wezi. Je, sakafu ya mbao italihimili?

Maji hudanganya, kwa kuwa huingizwa ndoo kwa ndoo. Lita 1 ya maji matamu ni kilo 1. Ya bahari huzidi kidogo. Chukulieni tangi lenye urefu wa meta 2, upana wa meta 1, na kina cha maji cha sentimeta 60. Hizo ni lita 1,200, yaani zaidi ya kilo 1,200 kabla ya kuhesabu kioo na meza yake. Kila meta ya mraba chini yake hubeba zaidi ya kilo 600. Kanuni za ujenzi za Uingereza hukadiria sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kilo 150 hivi kwa meta ya mraba.

Mjumbe mmoja hatakosa kusema kwamba siku ya arusi chumba hicho hicho hujaa watu na hakuna kilichovunjika. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini watu hutawanyika chumba kizima, na usiku huenda makwao, tangi haliondoki. Mti uliobebeshwa mzigo usiku na mchana huendelea kupinda polepole kwa miezi na miaka, hata kama siku ya kwanza haukutoa mlio wowote. Na mpangaji anayelala chini na watoto wake hakuhudhuria mkutano.

Si kila tangi ni la hatari. Lenye lita 60 halizidi sana uzito wa mtu mzima.

Kwa tangi kubwa zaidi ya hilo, jambo la kwanza ni kujua boriti zimelala upande gani. Wengi husema "liwekwe ukutani" wakadhani yametosha. Ukuta unaofaa ni ule unaopokea ncha za boriti, na tangi lilale kwa kuzikata, ili boriti nyingi zigawane mzigo. Likiwekwa kando ya ukuta mwingine, laweza kuelemea boriti moja au mbili tu. Miguu ya meza nayo ikanyage mbao nene, isitoboe sakafu.

Hata hivyo, ncha zilizoingia ukutani ndizo aghalabu huoza kwanza kwa unyevu, na mchwa hula ndani bila kuonekana nje. Fundi seremala azichome kwa bisibisi, kisha aandike alichokiona, na maandishi hayo yawekwe pamoja na kumbukumbu za kamati kabla ya hundi ya tangi kutiwa sahihi. Tangi la lita 1,200 lililotajwa hapo juu likae chini, juu ya zege, na fedha zitumike kununua kufuli.

Tangi dogo litakaloruhusiwa juu lijazwe robo robo, uzi ukiwa umevutwa chini ya boriti. Boriti zikionekana kuendelea kushuka siku ya pili, maji yamwagwe siku hiyo hiyo.