Wazee wa Msituni na Paa la Kulala

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu,

Nataka tuzungumze juu ya wazee wa Meru na Embu waliopigana Mau Mau, hao wachache waliobaki. Aliyekuwa na miaka ishirini 1952, leo amepita tisini. Na wako wasio na shamba wala nyumba ya kwao. Vipi mtu apiganie ardhi halafu akose pa kujenga?

Mkoloni alitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Tangu 1954 watu wa Embu na Meru walikusanywa vijijini kwa nguvu, na katika miaka hiyo ya hamsini mashamba yakaanza kupimwa na kuunganishwa. Sasa fikiria: kipande chako kinapimwa, nawe uko msituni au kizuizini. Nani atasimama aseme hapa ni pa fulani? Uhuru ulipokuja, Musa Mwariama alitoka msituni na watu wake, Desemba 1963. Jenerali Baimungi hakuridhika, akarudi, akauawa 1965. Na cha kushangaza, Mau Mau ilibaki chama haramu mpaka 2003! Mzee angeenda baraza la kaunti kuomba ploti kwa jina gani?

Mabaraza yale yalikwisha 2013, zikaja serikali za kaunti. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hivyo nisikilizeni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, na Jedwali la Nne likaipa kaunti kazi ya mipango na nyumba. Lakini kuwapa makazi wasio na ardhi ni kazi ya wizara, Nairobi. Mashujaa nao wana sheria yao ya 2014. Ile ya maveterani ya 2022 iliwalenga waliotumikia jeshi la Kenya, si mtu wa msituni. Basi mzee anasukumwa: nenda kwa chifu, nenda kaunti, rudi kwa chifu. Nauli inaisha.

Fidia ya Uingereza ya 2013 ilihusu watu 5,228, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Ukigawa, si fungu la kununua shamba na kujenga.

Sasa sisi tuliosoma tufanye nini? Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi huitwa watoe maoni. Tusipokwenda, nyumba ya mzee haiandikwi. Mtembeleeni mzee wa wadi yenu. Andikeni jina lake, analala wapi, na ardhi ile ni ya nani. Mpelekeeni mwakilishi wadi barua, mdai jibu la maandishi. Kwa chifu ulizeni kama ameandikishwa Inua Jamii, ile ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Na akiwa hana kitambulisho, anzeni hapo.