Kamanda Aliyekufa Kabla ya Kuhukumiwa: Maisha na Mauti ya Sylvestre Mudacumura

Mada iliyotolewa katika semina, Kapata, Kolwezi



Sisi watu wa Kolwezi hatuhitaji kufunzwa maana ya vita, kwani tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa kundi la waasi la FLNC, waliokuwa chini ya Nathanaël Mbumba, waliuingia mji huu wakitokea Angola kwa njia ya Zambia, na katika siku zile mamia ya watu, weusi kwa weupe, waliuawa. Kwa hiyo nimeona inafaa tuidurusu sira ya kamanda mwingine, aliyepigana Kivu, mashariki mwa Kongo, tupate kulijibu suala moja: je, kamanda akiuawa, haki huwa imetimia?

Mudacumura alizaliwa Rwanda mwaka 1954, akapanda daraja katika jeshi la Rais Habyarimana hata akawa naibu mkuu wa kikosi cha kumlinda rais. Utawala huo ulipoanguka Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, alivuka mpaka akaingia Zaire. Na lilipoundwa kundi la waasi wa Kihutu wa Rwanda, FDLR, mwaka 2000, naye kamanda wake Paul Rwarakabije akarejea Rwanda mwishoni mwa 2003, Mudacumura ndiye aliyeshika hatamu za jeshi lake, huku rais wa chama, Ignace Murwanashyaka, akiishi kwa salama Ujerumani.

Mwaka 2009 serikali za Kinshasa na Kigali zilipoungana kuwapiga FDLR, kisasi cha kundi hilo kiliwaangukia wanavijiji wasio na silaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, huko Busurungi katika Walikale, raia wasiopungua 96 waliuawa, wengine wakiteketea ndani ya nyumba zao. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mudacumura Julai 2012, kwa mashtaka tisa ya jinai za kivita. Lakini hati hiyo ilikaa miaka saba bila ya kutekelezwa, hata jeshi la Kongo lilipomuua huko Rutshuru, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 2019.

Mwaka huo huo, mahakama ile ile ilimtia hatiani kamanda mwingine wa waasi wa Kongo, Bosco Ntaganda, na kumhukumu kifungo cha miaka 30. Tofauti ni bayana: waliodhulumiwa na Ntaganda walisikilizwa, naye akajibu, na amri ya fidia ikatolewa mwaka 2021, ilhali watu wa Busurungi hawakupata hata siku moja ya kumkabili aliyeshtakiwa kwa msiba wao, kwa kuwa maiti hashtakiwi. Wala FDLR haikuzikwa pamoja na Mudacumura, bali Pacifique Ntawunguka, aitwaye Omega, alishika uongozi wa jeshi lake.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Kwanza, majeshi yakiweza kumshika kamanda hai, yasione risasi kuwa njia fupi, maana hufunga kinywa chenye kujua nani aliamuru na nani aligharimia. Pili, ushahidi wa raia uandikwe mapema, pamoja na wa wazee wetu walioshuhudia 1978, kwani nao wanapungua kila mwaka, na hakimu hawezi kuamua kwa habari zilizokwisha kuzikwa.