Sahani ya Jirani Isiingie Kwenye Daftari

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu wa sayansikimu kwa vikundi vya akina mama wa kuweka na kukopa, Muheza, mkoani Tanga)

  Nimeombwa nizungumze kuhusu mapishi ya nyumbani ya kula pamoja na ndugu, majirani na marafiki. Barua ya mwaliko ilieleza pia kwamba wapo wanachama wanaotaka kujifunza kuoka lakini hawana oveni. Nitaanza na hao, kwa sababu jambo lao ni jepesi. Baadaye nitakuja kwenye lile lililonifanya nipande basi asubuhi yote hii.

Ndugu zangu, oveni ni nini? Ni moto unaotoka juu na chini kwa pamoja, basi. Bibi zetu wa pwani walikuwa nao kabla hatujaona majiko ya umeme. Mkate wa kumimina, ambao wenzetu wa Mombasa huuita mkate wa sinia, uliokwa na bado unaokwa kwa makaa chini ya sufuria na makaa juu ya mfuniko. Kosa ninaloliona kwa wanaoanza ni kuweka moto mwingi chini. Kanuni ni kinyume chake: makaa machache chini, makaa mengi juu. Chini kuna chuma kinachogusana na mkate moja kwa moja, kwa hiyo moto kidogo unatosha. Juu joto linapita hewani kabla ya kufika, ndiyo maana linahitaji nguvu.

Mkate wenyewe ni huu. Vikombe viwili vya mchele, uloweke usiku kucha. Asubuhi uchuje maji yote, kisha usage kwa blenda pamoja na tui zito la nazi, kikombe kimoja na nusu hivi, iliki, na kijiko cha chai kimoja cha hamira. Asiye na blenda atwange kwenye kinu na kuchekecha, kama zamani. Hapa msione uvivu. Mchele ukibaki na chengachenga, chenga zitazama, na mkate utakuwa mgumu chini na mlaini juu kama vitu viwili tofauti. Rojo iwe kama uji mzito. Sukari wengi huweka kikombe kizima. Mimi nasema nusu kikombe inatosha, na sababu nitaieleza. Funika, uache sehemu yenye joto mpaka uone mapovu juu, kwa kawaida kama saa moja. Kisha tia ute wa yai moja uliopigwa, ukoroge polepole. Paka mafuta sufuria iliyokwisha pata moto, mimina, punguza makaa ya chini. Ukiona pembeni pameanza kushika, weka mfuniko wenye makaa. Baada ya dakika ishirini mpaka thelathini choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, ipua.

Kwa keki au mkate wa ngano, chukua sufuria kubwa, tandika mchanga mkavu chini, ipashe moto kama dakika kumi, halafu weka ndani yake bati lako lenye unga uliokandwa. Mchanga unazuia kuungua. Kazi ni ileile, moto juu na moto chini.

Neno moja kuhusu jiko, kabla sijasahau. Mkimaliza kuoka, jiko la mkaa libaki nje. Najua wenzetu wa Lushoto wakati wa baridi huona hasara kuacha makaa mazuri yazimike bure, wakayaingiza chumbani ili wapate joto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wamelala nayo wakiwa wazima na hawakuamka.

Sasa unga. Ngano nyingi tunayokula Tanzania hutoka nje ya nchi, na jirani zetu Kenya ni hivyo hivyo. Mnakumbuka mwaka 2022, vita vilipopamba moto Ukraine, jinsi bei ya unga wa ngano na ya mafuta ya kula ilivyopanda hadi gengeni kwetu. Mtu aliye mbali kabisa na Muheza alikuwa akiamua kama mtoto wako atapata andazi. Kwa hiyo nawashauri mjifunze kupunguza ngano. Chemsha viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa, uviponde vikiwa vya moto mpaka viwe laini kabisa, kisha ukande kikombe kimoja cha viazi kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, pamoja na hamira. Maji utie kidogo kidogo mno, maana kiazi kina maji yake. Sukari punguza, kwani kiazi kina utamu wake pia. Maandazi yanatoka ya njano na laini, na hubaki laini hata kesho yake.

Hili si jambo la kubahatisha. Huko Msumbiji watafiti na waokaji walitengeneza mikate ambayo zaidi ya theluthi moja ya unga wa ngano iliondolewa na kuwekwa viazi hivi. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa wataalamu wanne waliofanya kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao, na mmoja wao ni mwenzetu wa Afrika Mashariki, Dkt. Robert Mwanga wa Uganda, aliyezalisha mbegu za viazi hivi. Rangi ile ya chungwa ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, ambayo mtoto anaihitaji kwa macho na kwa kupambana na magonjwa.

Nimemaliza upande wa jiko. Nije kwenye sahani.

Hapa kwetu sote tumelelewa na desturi kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na maandazi, inarudi na chochote: ndimu tatu, kisahani cha maharage ya nazi, machungwa yenu haya ya Muheza. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari hupita uani kwa uani. Idi ikifika, Wakristo wanaletewa pilau. Krismasi ikifika, nao hupeleka kwa Waislamu. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Ni desturi nzuri, nami sijaja kuipinga.

Lakini ina upande ambao hatuuzungumzi. Mtaani kwetu yuko mama mmoja mjane, jina lake nitalihifadhi. Miaka mingi tulipelekeana vitu. Baada ya mumewe kufariki, sahani zikaanza kukaa kwake wiki, wiki mbili. Halafu mtoto akawa anatumwa usiku kuzirudisha, anaiweka sahani tupu kibarazani na kukimbia. Mwishowe ukibisha hodi na bakuli mkononi unaambiwa mama amelala, saa kumi na moja jioni. Majirani wakasema anaringa. Siku moja nikamkuta gengeni akinunua unga wa kupima, robo kilo kwenye kimfuko. Nikamuuliza kwa upole, dada yangu, tumekukosea nini? Akasema, "Mwalimu, sahani zenu zimekuwa madeni. Madeni ninayo ya kutosha."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Tazameni lilivyo kweli. Sisi kwenye vikundi tumezoea daftari, na daftari ni jambo jema. Bila daftari hakuna kuweka wala kukopa. Tukatoka hapo tukaliingiza kwenye harusi na kicheni pati: fulani kaleta vitenge viwili, fulani kaleta elfu kumi, na siku yake tutamrudishia hivyo hivyo. Sasa naona limeanza kuingia jikoni. Watu hawaandiki, lakini wanahesabu. "Yule nilimpelekea vitumbua mara tatu." Anayeumia kwa hesabu hiyo si mwenye nacho. Ni mjane, ni bibi anayelea wajukuu, ni kijana aliyehamia na mke mgonjwa. Wale hasa ambao sahani ilikusudiwa iwafikie ndio wanaofunga mlango.

Mtaniuliza, tumpelekee kimya kimya na tumwambie asirudishe? Tulijaribu. Haikufaa. Mtu mzima ukimwambia usirudishe kitu, umemwambia huna kitu. Ana heshima yake.

Kilichofaa ni kubadili mahali pa kuanzia. Badala ya kila mmoja kupika kwake na kutuma, tukaanza kuoka pamoja, Jumamosi moja kila mwezi, uani kwa mtu. Kila mtu anakuja na alicho nacho: huyu mchele, huyu nazi mbili, huyu makaa, huyu sufuria. Na wengine wanakuja na mikono. Yule mama ndiye mwenye mkono mzuri kuliko sisi wote kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nazi yake inatoka nyeupe, haifiki kwenye kifuu, na tui lake halina uchungu. Nilimwendea nikamwambia ukweli kwamba tui letu halizamishi kijiko. Akaja. Mkate ukiiva tunaukata, kila aliyekuwepo anabeba kipande, na kila mmoja anaondoka pia na cha jirani mmoja ambaye hakuja. Hapo hakuna sahani ya nani. Hata ukitaka kuhesabu huwezi, kwa sababu nani atasema ni mchele wake au ni tui la mwenzake?

Siwaahidi kwamba kila mlango utafunguka. Yuko mzee mmoja kwetu bado hapokei kitu, na tumemwacha na uamuzi wake, tunamsalimu tu tukipita.

Sasa, ukimpelekea mtu chakula, mfikirie anayekula. Nilisema nusu kikombe cha sukari. Siku hizi karibu kila ukoo una mtu mwenye kisukari, na wengi wetu tunawaruka kwenye mgao tukidhani tunawahurumia. Kurukwa kunauma. Lakini pia msidanganyike kwamba mkate usio na sukari ni salama wa kula nusu sufuria. Wanga wa mchele na wa ngano nao hugeuka sukari mwilini. Mpe kipande kidogo kama wengine, na kando umpelekee kitu kingine, samaki wa kupaka au mboga ya majani. Ajue alikumbukwa kwa jina.

Wenzangu Wakristo, mkitaka sahani zenu ziliwe na majirani Waislamu, wekeni sufuria ya kuokea ambayo haijawahi kupikiwa kitimoto, na msema hivyo waziwazi kabla ya kuulizwa. Mtu hataki kukuuliza, ataipokea kwa tabasamu na kuwapa kuku. Na anayeumulia unga kwa tembo la mnazi, kama walivyofanya baadhi ya wapishi wa zamani, aseme pia.

Kashata za karanga nazo nizitaje, maana ndizo tunazowapa watoto. Nimeona watu wakichambua karanga, nzuri wanaziuza, zilizosinyaa na zenye ukungu wanaziweka za kashata za nyumbani na za kugawa. Tafadhalini sana. Ukungu ule ndio unaoleta sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha na sukari. Mwaka 2004 huko Kenya, mashariki, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara, na watu wakafa. Karanga yenye ukungu si ya kuuza, wala si ya kumpa jirani, wala si ya kuku.

Mwenyekiti aliniomba niseme pia kuhusu biashara, kwa sababu baadhi ya vikundi vinataka kuuza maandazi ya viazi na mikate ya kumimina. Naunga mkono. Mama akipata fedha yake, nyumba inapata madaftari na dawa. Wekeni hesabu ya makaa, maana wengi husahau makaa na kudhani wamepata faida. Pimeni kila kitu, msikadirie. Lakini siku ya kuuza iwe siku yake, na siku ya kuoka kwa pamoja iwe siku yake. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilichanganya. Mikate ya Jumamosi ikaanza kuuzwa iliyobaki, kisha ikauzwa iliyo mizuri, na baada ya miezi michache wasiokuwa na mtaji wakawa wameacha kuja. Hakuna aliyewafukuza.

Nimeona mwenyeji wetu ananionyesha saa, naye ana haki. Mchele umelowekwa tangu jana jioni, vikombe kumi, nao umekwisha chujwa. Nazi ziko nje chini ya mwembe na mbuzi ziko tatu. Wanaojua kukuna waanze, wanaosema hawajui wakae karibu nao. Akina baba, makaa na mifuniko ni kazi yenu leo, na mkumbuke: machache chini, mengi juu.