Maji Yalikaa Siku Ngapi? Mhadhara wa Umma juu ya Jeni, Mpunga na Mahindi ya Bondeni



Kila masika yanapozidi, sisi wa mbegu huulizwa swali lilelile: mnangoja nini kututengenezea mmea usiokufa kwa maji? Ni swali la haki. Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, na mashamba ya Rufiji na Kibiti yakalala chini ya maji. Mtaniwia radhi nikilijibu swali hilo kwa swali jingine: maji yalikaa siku ngapi, na yaliufikia mmea wapi? Yalifunika mizizi tu, yalifika kiunoni, au yaliuzamisha wote? Bila majibu hayo, mtaalamu wa jeni hana pa kuanzia.

Tuanze na mzizi, maana ndiko kilio kinakoanzia. Mzizi unapumua. Unachukua oksijeni iliyomo katika nafasi ndogondogo baina ya chembe za udongo. Maji yakizijaza nafasi hizo, oksijeni hupenya polepole mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani, na ile kidogo iliyobaki humalizwa upesi na mizizi pamoja na vijidudu vya udongoni. Seli iliyokosa oksijeni hugeukia uchachushaji, uleule unaotoa pombe mtungini. Kwa kila molekyuli ya glukosi hupata vipimo 2 tu vya nishati, ilhali kwa oksijeni ingepata 30 hivi. Ng'oeni mmea wa mahindi uliokaa siku kadhaa katika maji ya mbuga: majani ya chini yamegeuka njano, ncha za mizizi ni nyeusi na laini, na udongo ulioshikamana nayo unanuka yai viza. Tena mmea huo hunyauka ungali umesimama ndani ya maji, kwa sababu mizizi iliyokosa nishati haiwezi kunywa.

Mpunga umejaliwa. Kata mzizi wake kwa wembe, uutazame kwa lenzi, utaona matundu yamejipanga kuzunguka kiini. Hiyo ni mirija inayoshusha hewa kutoka majanini, na ganda la nje limekazwa ili hewa isivuje kabla ya kufika nchani. Ndiyo maana jaruba likijaa maji ya kifundoni, mpunga unastawi. Lakini mpunga huohuo ukizamishwa wote, aina nyingi hufa kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Mmea ukizama, gesi ya ethilini inayotengenezwa na mmea wenyewe hukosa pa kutokea, hujikusanya, na kuamsha homoni ya jiberelini inayorefusha shina. Mpunga huanza kukimbilia juu kutafuta hewa. Mafuriko yakiwa marefu kuliko mbio zake, wanga wote uliowekwa akiba huishia njiani. Maji yakikauka unakuta majani marefu, membamba, yaliyopauka, yamelala juu ya tope. Bana shina kwa vidole: likibonyea, limekwisha.

Katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, wakulima walikuwa na mpunga wa asili uliofanya kinyume cha hayo. Ulizama wiki mbili ukiwa mfupi na kimya, kisha maji yalipotoka ukachipua upya. Kutoka katika mpunga huo watafiti walichambua mstari wa mbegu ulioitwa FR13A. Ulivumilia maji, ila mavuno yake yalikuwa haba. Kwa miaka mingi wazalishaji wa mbegu waliuchanganya na aina bora, na kila walipopata uvumilivu, walipata na kasoro za babu yake.

Mwaka 1996 Kenong Xu na David Mackill walionyesha kwamba sehemu kubwa ya uvumilivu huo imekaa mahali pamoja, kwenye kromosomu ya 9. Miaka kumi baadaye, 2006, wao pamoja na Pamela Ronald, Julia Bailey-Serres na wenzao walitangaza jeni yenyewe: SUB1A. Kazi yake ni kuzuia. Mmea ukizama, jeni hii huzima ile mbio ya shina, kama mwenye nyumba anayefunga ghala siku za njaa na kugawa nafaka kwa kipimo. Abdelbagi Ismail, Msudani aliyefanya kazi katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, kule Ufilipino, ni miongoni mwa waliochunguza jinsi uvumilivu huu unavyofanya kazi ndani ya mmea.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mjadala wetu wa GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, huchanganya mambo. Ili kuthibitisha kwamba SUB1A ndiyo yenyewe, watafiti waliitia maabarani katika mpunga usiovumilia maji, nao ukavumilia. Huo ulikuwa uhandisi jeni, bila shaka yoyote. Lakini mbegu iliyokwenda shambani haikupita njia hiyo. Walichukua Swarna, mpunga unaopendwa sana India, wakauchavusha kwa mkono na mpunga wenye jeni hiyo, kisha wakarudia kuurudisha kwa Swarna kizazi baada ya kizazi, wakipima vinasaba vya miche na kubakiza ile tu iliyobeba kipande walichokitaka. Swarna-Sub1 iliidhinishwa India mwaka 2009. Bangladesh ikafuata 2010 na BRRI dhan51 na BRRI dhan52. Kisheria hizo si GMO. Na kwa kuwa mpunga hujichavusha wenyewe, mkulima anaweza kuweka mbegu yake ya msimu ujao bila kumwomba mtu ruhusa.

Matokeo yake yalipimwa mashambani mwa wakulima kule Odisha na kuchapishwa 2013. Shamba lililozama siku 10, Swarna-Sub1 iliizidi Swarna ya kawaida kwa asilimia 45 ya mavuno. Mwaka usio na mafuriko hakukuwa na hasara. Jambo jingine lililoonekana linanigusa zaidi: watu wa matabaka yaliyodharauliwa ndio wenye mashamba ya chini yanayozama mara nyingi, kwa hiyo wao ndio walionufaika zaidi. Wenye sauti walikwisha chukua ardhi ya juu zamani.

Msiondoke hapa mkidhani SUB1A ni dawa ya maji yote. Inasaidia mafuriko ya ghafla, wiki mbili au zaidi kidogo, mmea ukiwa bado mchanga. Maji yakituama kiunoni miezi kadhaa, mmea uliotulia utakuwa umejizika. Huko panahitajika mpunga wa tabia ya pili, ule wa mabonde ya kina kirefu unaoweza kurefuka hadi sentimita 25 kwa siku. Watafiti wa Nagoya, Japani, walizitambua jeni zake mwaka 2009 wakaziita SNORKEL1 na SNORKEL2. Jeni moja inaamuru tulia, nyingine inaamuru kimbia. Ukikosea kuchagua, umeuua mpunga wa jirani yako kwa sayansi safi kabisa.

Na mahindi? Hapa kazi ni ngumu. Hatujapata jeni moja yenye nguvu kama SUB1A. Lililopo ni ndugu wa mahindi anayeota porini kwenye pwani ya Pasifiki ya Nikaragua, *Zea nicaraguensis*, ambaye mizizi yake ina mirija ya hewa hata kabla maji hayajafika, na ganda la kuzuia hewa kuvuja. Watafiti wa Japani wamehamishia vipande vya kromosomu zake katika mahindi kwa kuchavusha. Njia nyingine inatokana na ugunduzi wa 2011: mmea huhisi upungufu wa oksijeni kupitia protini ambazo huharibiwa oksijeni ikiwepo na kubaki salama ikikosekana. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba shayiri iliyopunguziwa utendaji wa jeni PRT6, mojawapo ya zinazoharibu protini hizo, ilivumilia udongo uliojaa maji vizuri zaidi. Kwa mahindi, kupunguza utendaji wa jeni kama hiyo kwa uhariri wa jeni huenda kukawa njia ya mkato, na hapo sheria zitatugusa moja kwa moja. Kenya ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2022. Kwetu Tanzania, majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba huko Makutupora, Dodoma, yaliyoanza 2016, yalisitishwa na serikali.

Mimi sioni haya kusema kwamba tunapima njia tukasahau mmea. Mbegu ya mahindi chotara inayonunuliwa dukani kila msimu, hata kama haina jeni ngeni hata moja, inaweza kumfunga mkulima kuliko mpunga wenye jeni ngeni uliomo mikononi mwake. Anayepinga na anayetetea wote waulize mbegu ni ya nani. Warufiji walikuwa na kilimo cha mlau, mahindi yanayopandwa maji ya mafuriko yakishapungua, yakiota kwa unyevu uliobaki. Mbegu ya kuhimili maji ikija kwa bei ambayo mkulima wa mlau haimudu, itaishia kwenye mashamba ya juu yasiyoihitaji.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halihitaji maabara. Maafisa ugani, na ninyi wanafunzi mnaokwenda mafunzo kwa vitendo: kabla ya masika yajayo simikeni vigingi vyenye alama za sentimita kwenye mabonde yenu. Andikeni tarehe maji yalipoingia, kina yalichofika, tarehe yalipotoka, na mmea ulikuwa na umri gani. Leteni madaftari hayo hapa idarani. Tutachagua jeni baada ya kuyasoma.